Mezani Urubamba: Kula Kiperu Kwenye Bufee ya Watalii

Ukilipia ziara ya siku moja ya Bonde Takatifu, kule Peru, mchana wako unakuwa umeshapangwa kabla hujatoka Cusco. Asubuhi utatembezwa Pisac, kwenye magofu na sokoni. Alasiri utapandishwa ngazi za mawe za Ollantaytambo. Katikati ya hapo, saa sita au saa saba mchana, basi litakunja kona na kuingia kwenye geti la mkahawa mkubwa mjini Urubamba: bustani iliyonyweshwa vizuri, meza ndefu, wanamuziki wawili wenye filimbi za matete na gitaa, na mstari wa vyakula usioonekana mwisho wake. Wimbo utakaopigwa, karibu kila mara, ni "El Cóndor Pasa" wa Daniel Alomía Robles, wa mwaka 1913. Ukiusikia kwa mara ya tatu siku hiyohiyo, vumilia, na uwaachie wapigaji sarafu.

Bufee za namna hii ziko kwenye kila njia ya watalii. Utazikuta Chivay, kwa wanaokwenda kutazama makondori wa Korongo la Colca; utazikuta kwenye barabara ya kutoka Cusco kwenda Puno, na Aguas Calientes chini ya Machu Picchu. Wapo wasafiri wanaozibeza, wakidai kwamba hapo hakuna Peru, kuna tambi na saladi ya mayonezi tu. Wapo wengine wanaopakia kila kitu kwenye sahani moja hadi mchuzi unamwagika mezani, kisha wanasinzia ndani ya basi wakati wenzao wameshuka kutazama kuta za Wainka. Wote wamelipa bei ileile, nayo ni mara kadhaa ya bei ya chakula cha mchana sokoni.

Mimi bufee naitetea, kwa sharti moja. Mpishi yeyote wa shughuli anajua kwamba chakula cha bufee ni chakula kinachosubiri. Kimeiva saa nne, kinaliwa saa saba. Kwa hiyo unaposhika upawa, jiulize kwanza kama hicho ulichokiinamia kinaweza kukaa saa mbili tatu bila kupoteza ladha wala kumletea mtu balaa la tumbo. Vyakula vya Peru vinapimika vizuri sana kwa kipimo hiki, maana jiografia yenyewe imeshavigawa. Vya pwani, mfano wake mkubwa ni ceviche, ni vya papo kwa papo. Vya milimani vilibuniwa na watu walioishi kwa kuweka akiba: baridi kali, ukame wa ghafla, mavuno ya mara moja kwa mwaka. Na hapo Urubamba uko milimani.

Kabla ya sahani, tuzungumzie mwinuko, kwa sababu ndio unaoamua ukubwa wa sahani yenyewe. Cusco uko kwenye mita 3,400 hivi. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atalielewa hilo haraka: kituo cha Mandara kiko mita 2,720 na Horombo mita 3,720. Mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa akitua Cusco kwa ndege anakuwa ameshapita Mandara bila kupiga hatua hata moja, na akifika Puno, karibu na Ziwa Titicaca, ameipita hata Horombo. Katika mwinuko huo tumbo nalo linafanya kazi polepole. Chakula kingi chenye mafuta kinakaa palepale, kichwa kinauma, pumzi inakuwa fupi. Waongozaji wa Cusco wana maneno yao kwa mgeni: ale kidogo, atembee taratibu, alale peke yake. Hilo la tatu wanatania. La kwanza hawatanii.

Kwa hiyo usikubali kuwekewa bufee siku ileile unayotua. Kama ratiba iko mikononi mwako, shuka kwanza ulale Urubamba, ambao uko chini ya Cusco kwa zaidi ya mita 500, na bufee iwe siku ya pili au ya tatu. Na kumbuka kinachofuata baada ya chakula. Ngazi za Ollantaytambo ni nyingi na zimesimama wima. Atakayezipanda na sahani tatu tumboni atalijutia kila jiwe. Mimi huchukua sahani ndogo, ile iliyowekwa kwa ajili ya saladi, na kurudi mara mbili. Hakuna anayekuhesabia.

Ukishaingia, acha mkoba kwenye kiti uutembee mstari mzima mikono mitupu. Huu si ushauri wa adabu, ni wa hesabu. Mara nyingi mkate, saladi na tambi huwekwa mwanzoni, kwa sababu ni rahisi na vinajaza sahani ya mgeni mwenye njaa kabla hajafika kwenye nyama. Supu hukaa peke yake kwenye chungu au sufuria kubwa pembeni, mahali ambapo asiyeitafuta haioni. Viazi vya asili na mahindi huwekwa mwishoni, karibu na pilipili. Ukianza kwa kupakua utafika huko sahani imeshajaa. Soma vibao vya Kihispania, maana vya Kiingereza vilivyo chini yake mara nyingi husema "supu ya mboga" tu na kukunyima habari yote.

Anza na supu. Waperu wenyewe huanza nayo. Hata kwenye vibanda vya sokoni chakula cha mchana cha bei nafuu, kinachoitwa menú, huja na bakuli la supu kabla ya sahani kubwa. Arequipa, katika mikahawa ya kienyeji iitwayo picantería, kila siku ya juma ina supu yake, na mteja anaijua siku kwa kunusa. Kwenye bufee, supu ndicho chakula chenye nafasi kubwa ya kuwa kizuri. Imekaa motoni muda wote, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokolea, inakupa maji ambayo hewa kavu ya milimani imekunyang'anya, na haikulemei. Mwombe mhudumu achote kutoka chini, maana vya maana vimezama.

Utakutana na sopa de quinua, supu ya nafaka ndogo za mviringo zinazofunguka mkia mdogo mweupe zikishaiva. Quinua ndiyo nafaka iliyotangaziwa mwaka wake na Umoja wa Mataifa, 2013, na tangu hapo mahoteli ya dunia nzima yanaiweka kwenye saladi. Kwenye saladi haina mvuto. Kwenye supu, pamoja na viazi, karoti na kipande cha jibini, ndiko kwao. Ukiona kibao kimeandikwa chairo, usipite. Chairo ni supu nzito ya nyanda za juu, yenye nyama ya kondoo au nyama iliyokaushwa, nafaka na mboga, na ndani yake chuño.

Chuño inahitaji maelezo, kwa sababu watalii wengi wanaitupa pembeni ya sahani wakidhani ni kiazi kilichoungua. Ni kiazi kilichogandishwa kwa makusudi. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa nyanda za juu unaposhuka chini ya nyuzi sifuri na mchana jua linachoma, wakulima huvitandaza viazi vidogo kwenye uwanda wa wazi. Usiku vinaganda, mchana vinayeyuka. Baada ya siku chache watu huvikanyaga kwa miguu mitupu, wakivikamua maji na kuvivua maganda, kisha huviacha vikauke kabisa. Aina nyeupe, iitwayo moraya au tunta, hulowekwa majini kwa wiki kadhaa, mara nyingi mtoni, kabla ya kukaushwa. Ikishakauka inakuwa nyepesi, ngumu, na hukaa miaka. Msomaji wa Shinyanga au Tabora aliyekulia kwenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hana haja ya kuelezwa mantiki yake. Tofauti ni kwamba kule jua limesaidiwa na baridi. Ikiliwa peke yake ina ladha ya udongo na haimvutii mtu. Kazi yake ni kunyonya mchuzi, kwa hiyo iache ikae kwenye bakuli dakika kadhaa kabla hujaitafuna. Na baadaye, ukifika Ollantaytambo, geuka uutazame mlima wa Pinkuylluna unaokabili magofu. Majengo yale yaliyobandikwa kwenye mwamba ni maghala ya Wainka. Yaliwekwa juu kule kwenye upepo na ubaridi ili akiba isioze.

Baada ya supu nenda moja kwa moja kwenye viazi. Peru ina aina za viazi zinazohesabiwa kwa maelfu, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kinazihifadhi. Kituo hichohicho kina ofisi Nairobi, na kimeshiriki kusambaza viazi vitamu vya rangi ya chungwa ambavyo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanavijua. Kwenye bufee ya Urubamba utaona vidogo vyeusi, vya zambarau hadi ndani, vya njano vinavyomeguka vyenyewe. Hupikwa na maganda. Menya kwa kucha, mezani, kama wenyeji, hakuna atakayekushangaa.

Karibu navyo kutakuwa na mizizi mingine miwili ambayo nje ya Andes huioni kwa urahisi. Oca ni ya vidole vifupi vyenye mabonde, na huanikwa juani kabla ya kupikwa ili utamu uje. Ikipatikana ile iliyoanikwa vya kutosha, huhitaji kitindamlo. Olluco, ambayo Cusco wanaiita lisas, ni ya njano yenye madoa ya waridi. Hata ikipikwa muda mrefu haipondeki, inabaki na mkatiko wake na uteute kidogo. Sahani iitwayo olluquito con charqui ni olluco iliyokatwa vijiti vyembamba ikapikwa na nyama iliyokaushwa kwa chumvi na jua. Kama ningeruhusiwa kuchagua chombo kimoja tu kwenye mstari mzima wa bufee, ningekichagua hicho. Viungo vyake vyote viwili vimezoea kungoja, na saa mbili za moto mdogo zinavipatanisha tu.

Halafu mahindi. Hindi la Urubamba ni jeupe, na punje zake ni kubwa kuliko hindi lolote la kuchemsha ulilowahi kununua barabarani. Si tamu, ni la wanga, la kushibisha. Huliwa kwa kung'oa punje moja moja na kumega kipande cha jibini laini kila baada ya punje mbili tatu. Chagua yaliyo bado ndani ya maji yake ya moto, maana yaliyotolewa na kukaa nje hukauka na kukakamaa. Kuhusu hilo jibini: liwe limetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Kwenye mikahawa mikubwa ya watalii kwa kawaida ndivyo lilivyo, lakini uliza, hasa kama wewe ni mjamzito. Jibini bichi la vijijini linaweza kubeba ugonjwa wa bruselosi. Na sokoni sikushauri kulila.

Sasa pilipili. Ukifika kwenye saladi na vibakuli vya kachumbari, utaona vipande vyekundu, vinene, vinavyong'aa, na jicho la mtu wa kwetu litasema ni pilipili hoho. Chukua uma ukigeuze kipande upande wa ndani. Mbegu zikiwa nyeusi tititi, hiyo ni rocoto, na inaunguza kuliko jinsi sura yake inavyoahidi. Arequipa wanaipika nzima, ikiwa imejazwa nyama ya kusaga na kufunikwa jibini: rocoto relleno. Mpishi hutoa mbegu na mishipa yote, kisha huichemsha zaidi ya mara moja kwa maji yenye sukari au siki na kuyamwaga, ili kuipunguza makali. Makali hayo hayapungui sawasawa. Kwenye trei moja utapata tulivu na, jirani yake, ya kukutoa machozi. Kata ncha, onja, ndipo uamue. Ikikushika, maji hayasaidii. Kula kiazi, jibini, au ile keki ya viazi na maziwa ambayo Arequipa huipakua pamoja nayo.

Pilipili nyingine haina ubaya. Ile ya rangi ya chungwa, ají amarillo, ndiyo roho ya michuzi ya njano utakayoiona: mchuzi wa jibini unaomwagwa juu ya viazi baridi, papa a la huancaína, na kuku wa kuchambuliwa, ají de gallina. Na kwenye kibakuli kidogo, pengine cha mawe, kutakuwa na uchucuta, pilipili iliyosagwa na majani ya huacatay yenye harufu inayokaribia mnanaa bila kuufikia. Tone moja juu ya kiazi cha moto linatosha kukuonesha kwa nini watu wa Cusco hawali viazi bila hiyo.

Vya kuacha ni vichache, na vinauma kuacha kwa sababu ndivyo vilivyokuleta Peru. Cha kwanza ni ceviche: samaki mbichi aliyekatwa vipande, akalowekwa kwa ndimu, kitunguu na pilipili. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, na kwa haki. Lakini ndimu huanza kumkaza samaki mara tu inapomgusa, na baada ya saa moja nyama inakuwa kavu na ya kuparuza ulimi. Isitoshe, tindikali ya ndimu haiui kila kijidudu. Kipindupindu kilipolipuka Peru mwaka 1991, samaki mbichi alikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza watu kuogopa. Ile ya bufee za milimani, tena, mara nyingi ni ya samaki trauti, aliyeletwa kwenye maziwa na mito ya Andes katika karne ya 20. Trauti huyohuyo akikaangwa au kuchomwa ni chakula kizuri sana. Ceviche itunzie Lima, mchana, kwenye mkahawa unaoitengeneza mbele yako. Mikahawa mingi ya namna hiyo hufunga alasiri, na mwenyeji wa Lima hataki kuisikia usiku.

Cha pili ni lomo saltado, nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa moto mkali pamoja na kitunguu, nyanya na chipsi humohumo. Ikikaa, chipsi zinalegea na nyama inachemka kwenye maji yake. Ila kama kuna mpishi anayekaanga papo hapo, panga foleni yake. Vivyo hivyo nyama ya alpaca: haina mafuta, kwa hiyo ikikaa juu ya moto inakauka na kuwa ngumu, lakini ikitoka kwenye jiko la mkaa wakati uleule ni laini na safi.

Na usiudharau wali wa kukaanga, arroz chaufa, kwa kudhani umewekwa kuwaridhisha watalii. Vibarua wa Kichina walianza kuingia Peru mwaka 1849, na wali wao umekuwa wa Waperu wote. Lomo saltado yenyewe imetoka kwenye karai lao. Kuna na Afrika mezani hapo. Anticuchos, mishikaki ya moyo wa ng'ombe, inahusishwa na Waafrika waliofanywa watumwa kwenye pwani ya Peru. Tacu tacu, wali na maharage ya jana vilivyopondwa na kukaangwa kama andazi kubwa, nayo inahesabiwa kwenye urithi wao. Mishikaki hiyo ipate ikitoka mkaani.

Suala la simbilisi huulizwa na kila mtu. Cuy, kama anavyoitwa huko, analiwa Andes tangu kabla ya Wainka, na kwenye Kanisa Kuu la Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa karne ya 18, unaohusishwa na Marcos Zapata, ambao mezani mbele ya Yesu amewekwa mnyama anayefanana naye. Wasomaji wa Kivu, ambako simbilisi hufugwa nyumbani, hawatashtuka. Wengine watapiga picha tu. Kwenye bufee hukatwa vipande vidogo ili asiwatishe wageni, na hapo ndipo anapoharibiwa: sifa yake ni ngozi inayokatika kwa kishindo, na ngozi hiyo ikifunikwa kwenye trei ya moto inalegea kama ya kuku wa kuchemsha. Ukimtaka kweli, nenda Tipón au Lamay, miji midogo karibu na Cusco inayojulikana kwa kazi hiyo, uagize mzima, usubiri, na ule kwa mikono.

Kwa Muislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, bufee inahitaji macho zaidi. Nyama ya nguruwe inaonekana wazi kwenye chicharrón, lakini mafuta yake yanaweza kuwa yametumika kukaangia vingine. Kuku na ng'ombe hawachinjwi kwa utaratibu wa halali isipokuwa umeambiwa hivyo. Mchuzi uitwao seco mara nyingi hupikwa kwa bia au kwa chicha, pombe ya mahindi, na kitindamlo maarufu cha Lima, suspiro a la limeña, kina mvinyo. Hata hivyo hutalala njaa: trauti, mayai, viazi vyote hivyo, mahindi, quinua, na tarwi, mbegu nyeupe za jamii ya kunde ambazo hulowekwa siku kadhaa ili uchungu wake utoke, na ambazo zina protini nyingi. Maneno ya kushika ni mafupi. "¿Lleva cerdo?" ni kuuliza kama kina nguruwe. "¿Lleva licor?" ni pombe. "¿Pica?" ni kama kinawasha. Mwenye mzio wa karanga aseme "maní" na aoneshe kidole, kwa sababu ocopa, mchuzi wa kijani wa Arequipa, hutiwa karanga, na ají de gallina nayo hutiwa njugu za aina nyingine.

Kuhusu usalama wa chakula chenyewe, tumia macho na mkono. Chakula cha moto kinapaswa kubaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichokaa katikati ya hapo kwa zaidi ya saa mbili ni cha kuachwa. Huna kipimajoto, lakini una mfuniko. Ufunue: mvuke ukikupiga usoni, pakua. Usipotoka kitu, funika uende zako. Trei iliyoletwa sasa hivi kutoka jikoni ni bora kuliko iliyobaki vijiko vitatu, hata kama itakubidi uisubiri. Causa, ule mkate baridi wa viazi vya njano wenye kuku na mayonezi katikati, uchukue ikiwa tu umekaa juu ya barafu. Mboga mbichi za majani ziache siku za mwanzo, na matunda chagua ya kumenya: chirimoya, granadilla, lúcuma. Maji ni ya chupa, na barafu ni hivyohivyo. "Sin hielo" maana yake bila barafu. Vinywaji, kwa njia, mara nyingi havimo kwenye bei ya bufee, kwa hiyo uliza kabla chupa haijafunguliwa.

Kinywaji cha mezani ni chicha morada, mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, kikatiwa sukari na ndimu. Hakina kilevi. Chicha de jora ni jambo lingine: ni pombe ya mahindi yaliyooteshwa, na mnywaji wa busaa ataitambua kwa harufu. Huko vijijini nyumba inayoiuza hutundika bendera au mfuko mwekundu kwenye mti mrefu mlangoni, na mnywaji humwagia ardhi tone la kwanza, kwa ajili ya Pachamama, Mama Ardhi, kabla hajagusa midomo. Kwenye mwinuko ule kikombe kidogo kinatosha. Inca Kola, soda ya njano iliyobuniwa Lima mwaka 1935, ni tamu kupita kiasi, lakini pamoja na chaufa haina mpinzani.

Mwishoni kutakuwa na birika la maji ya moto na kikapu cha majani ya koka. Chai yake ni halali Peru, wenyeji huinywa dhidi ya maumivu ya mwinuko, na haileweshi. Kunywa ukipenda, kikombe kimoja, mchana, usije ukakosa usingizi. Ila kama kazini kwenu mnapimwa mkojo, au wewe ni mwanariadha, iache kabisa na uchukue muña, jani lenye harufu ya mnanaa lililo kwenye kikapu cha jirani, kwa sababu kikombe kimoja tu cha koka kinaweza kuonekana kwenye vipimo kuwa ni kokeini. Na vile vipakiti vizuri vya chai ya koka vinavyouzwa mlangoni pa mkahawa visiingie kwenye begi lako la kurudi. Nchi nyingi utakazopitia njiani, na nyumbani pia, zinavihesabu kuwa dawa za kulevya, na afisa wa forodha hatakuuliza ulivinunua wapi.